Mama Milimita na Gari la Radi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Milimita hakumsemesha kaka yake wa tumbo moja, na hakuwa na mpango wa kuanza. Si kwamba hawakuonana. Walionana kila mwezi kwa mama yao, kwenye sebule ile ile yenye viti vinne na meza ya kioo iliyopasuka pembeni, wakala chakula kimoja, na kila mmoja akaongea na mama kana kwamba yule mwingine ni pazia. "Mama, mwambie binti yako anisogezee chumvi." "Mama, mwambie mwanao chumvi iko mbele ya pua yake." Na mama, ajuza wa miaka themanini na minne mwenye masikio mazima kuliko ya wanawe, aliyabeba maneno hayo kutoka upande mmoja wa meza hadi upande wa pili. Mengine aliyafikisha kama yalivyo, mengine aliyapunguza makali njiani, na siku akiamka na hasira zake aliyaongeza pilipili. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Aliyechukua jembe siku hawa wawili walipogombana, sasa hivi angekuwa na mashamba matatu na ghala.

Jina la Mama Milimita alipewa na madereva wa mabasi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akikereza vyuma kwenye karakana ya kampuni moja ya mabasi: shafti, bushi, pini, chochote kilichokatika barabarani na kisichopatikana dukani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mfupi, mikono imejaa vikovu vya chembe za chuma cha moto, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukimpelekea pini iliyozidi nusu milimita alikurudishia kwa kuirusha. Dereva mmoja mwenye haraka aliwahi kumwambia, "Mama, inatosha hiyo, itaingia tu." Akamjibu bila kuinua kichwa, "Hata wewe uliingia tu duniani, na jitazame." Tangu siku hiyo dereva yule alimtuma utingo wake.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimdhulumu, usitegemee atasahau.

Dhuluma yenyewe ilianzia kwenye gereji ya baba yao. Baba alikuwa fundi mkali, mwenye sauti ya kupasua bati, na tamaa yake kubwa ilikuwa gari la mbio. Walilijenga wenyewe, watu watatu: baba, mwana na binti. Gari la kiti kimoja, bodi ya aluminiamu waliyoigonga kwa nyundo ya mbao juu ya gunia la mchanga, injini kutoka kwenye gari la kawaida lililopinduka. Baba aligawa kazi. Kijana ataendesha. Binti atafunga injini na giaboksi, kwa sababu alikuwa na mikono myepesi kuliko fundi yeyote aliyewahi kuajiriwa pale, na baba, pamoja na ukali wake, hakuwa kipofu. Lakini aliweka sharti, na alilitangaza mbele ya watu kila Jumatatu asubuhi, kama mtu anayesoma sala: "Kosa moja tu, binti, unarudi ndani kumsaidia mama yako."

Na kosa lilitokea. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Kile kipande kinachounganisha mkono wa gia na giaboksi alikifunga kichwa chini miguu juu, na akagundua gari likiwa limekwisha fungwa lote. Gia zikawa kinyume na dunia nzima. Magari ya watu, ukitaka gia ya kwanza unasukuma mkono kushoto na mbele. Gari hili, ukisukuma kushoto na mbele unapata rivasi. Ukitaka kuondoka, uvute kulia na nyuma.

Kaka yake ndiye aliyelijaribu kwanza, uwanjani nyuma ya gereji. Akatia gia, gari likaruka nyuma badala ya mbele. Akashuka, akachungulia chini, akamtazama dada yake. Baba alikuwa anakuja, anafuta mikono.

"Gia umezifunga hivi makusudi?" kaka aliuliza.

"Makusudi," binti alisema, akiokota spana. "Magari ya mbio ndivyo yalivyo."

Kaka akamtazama kidogo, akacheka, kisha akamgeukia baba. "Magari ya mbio gia zake kinyume, baba. Nitazizoea."

Akazizoea. Kosa likazikwa humo humo ndani ya gari, maana kulifungua tena mbele ya baba ilikuwa sawa na kujipeleka jikoni kwa miguu yako mwenyewe. Na kuanzia siku ile dada alimhesabu kaka yake kuwa ni mtu wa akili fupi, mtu ambaye ukimwambia mbuzi ana mabawa, atauliza atatua wapi. Heshima ya mdogo kwa mkubwa ikaanza kutoboka hapo.

Miaka mitatu baadaye gari likashinda mbio kubwa. Watu wakamwita kaka "Radi", na jina hilo likaandikwa ubavuni mwa gari kwa rangi nyekundu. Mwandishi wa gazeti akaja na daftari lake, akauliza, "Gari hili umelitengeneza mwenyewe?" Kaka hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alitabasamu tu, amenyamaza, watu wakampigia makofi, na dada alikuwa amesimama hatua mbili pembeni, ana kitambaa cha oili mkononi. Kesho yake gazeti likaandika: Radi, dereva na fundi wa gari lake. Baba alilibandika gazeti lile ukutani gerejini, juu kabisa ya mashine ya kukereza ya binti yake, na binti akakaa nalo miaka yote hiyo, analitazama kila anapopima chuma. Alimchukia kaka yake kwa lile tabasamu. Niseme nini kingine? Alimchukia, basi.

Baba alipofariki, Radi aliiuza gereji. Dada alikwenda kazini Jumatatu akakuta kufuli geni mlangoni. Akamfuata kaka yake nyumbani, akamkuta anakunywa chai.

"Mashine yangu?"

"Imeenda na gereji."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho. Gari la mbio nalo, lililokuwa limelala stoo bila matairi, liliondoka na vyuma chakavu, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Lilikuwa limekwenda kwa kuku. Mama Milimita alilikuta mwenyewe, miaka sita iliyopita, alipoitwa kutengeneza pampu ya maji kwa mfugaji mmoja nje ya mji. Chini ya banda aliona kitu kama beseni refu, tetea amekaa pale pa dereva ametulia kama bibi harusi. Akainama, akapitisha kidole chini ya kiti, akakuta mshono wa kuchomelea. Aliujua mshono ule, ulikuwa wake. Mfugaji alipouliza malipo ya pampu, alimwambia, "Nipe hilo beseni. Kuku wako baki nao."

Miaka sita alikaa nalo nyuma ya vyumba vyake viwili vya kupanga, chini ya turubai. Alikwangua kinyesi cha kuku kwa wiki tatu. Pistoni alizitoa kwenye injini ya pampu ya kumwagilia, akazikereza hadi zikakaa. Bati aliligonga upya juu ya gunia la mchanga, kila siku akitoka kazini, mpaka mpangaji mwenzake akamuuliza kama anajenga jeneza. "Naam," alimjibu, "na bado natafuta wa kumlaza humo." Jina la Radi alilikwangua lote kwa msasa. Na mwaka wa tano, alipofika kwenye kile kipande cha gia, alikishika mkononi akakitazama muda mrefu. Kisha akakigeuza, akakifunga kinavyotakiwa. Aibu ya miaka arobaini ilimalizwa na nusu saa ya spana. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Alichotaka ni kimoja tu, na alikitaka kwa ukali wa mtu aliyenyimwa: mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja wa uwanja, yeye ndani ya kiti, na kipaza sauti kiseme mbele za watu kwamba fundi wa gari hili ni huyu hapa. Baada ya hapo hata kuku warudi, haidhuru.

Na nafasi ikaja. Uwanja wa zamani wa mbio, uliofungwa tangu enzi zile, ulitiwa lami upya, na chama cha wenye magari ya kale kikatangaza siku ya ufunguzi. Kila gari dakika kumi. Mama Milimita aliandikisha gari lake, na baada ya wiki mbili akaletewa karatasi ya ratiba. Gari la saba. Dereva: Radi.

Alikwenda na ile karatasi hadi ofisini kwa katibu wa chama, chumba chenye feni iliyokufa na vikombe vya ushindi vyenye vumbi. Katibu alikuwa mtu mnene, mpole kwa namna ile ya watu wasiokusikiliza.

"Mama, watu wanamkumbuka Radi," alisema. "Na kadi ya gari bado ina jina la mzee wenu, kwa hiyo mwenye kauli ni mama yenu. Tumeshaongea naye. Lakini usijali, na wewe utakuwepo pale karibu."

"Karibu kufanya nini?"

"Si unajua magari ya zamani? Pengine litahitaji kusukumwa."

Mama Milimita alimtazama mpaka katibu akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Jumapili ile sebuleni kwa mama palikuwa hapakaliki. Radi alikuwa ameketi kitini pake, anachokonoa meno, goti lake bovu amelinyoosha chini ya meza.

"Mama, gari nimelitengeneza mimi," Mama Milimita alisema.

"Najua. Si kila siku unaninusisha petroli hapa mezani?"

"Basi mwambie mwanao—"

"Simwambii kitu. Kaka yako ana goti bovu na moyo mbovu. Daktari kamwambia, na mimi nimesikia. Mwakani sijui kama atakuwepo. Wewe utakuwepo, wewe chuma. Mwache azunguke mara moja."

"Na mimi?"

"Wewe utazunguka mwakani."

Hiyo ndiyo adhabu ya kuwa mzima: kila mtu anakuambia usubiri. Radi akatoa kijiti mdomoni. "Mama, mwambie binti yako ahsante."

"Mama, mwambie mwanao ahsante yake aifunge kwenye kitambaa aikalie."

"Kasema karibu," mama alimwambia Radi, aliyekuwa amesikia kila neno.

Pale pale ndipo Mama Milimita alipokumbuka zile gia. Alifungua mdomo. Lakini angesemaje? Kusema gia sasa ziko sawa ni kusema zamani hazikuwa sawa, mbele ya mama, mbele ya huyu mchokonoa meno, kwamba fundi wa milimita aliwahi kufunga chuma kichwa chini. Halafu ya nini? Mtu huyu kwa miaka ishirini ameendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Atakumbuka wapi ya zamani? Atashika gia kama watu wote wanavyoshika. Akafunga mdomo wake, akaomba maji ya kunawa.

Siku ilipofika, jua lilikuwa kali na lami inanuka. Majukwaa yalijaa nusu. Mtangazaji alitembea huku na huku na kipaza sauti chake, ana utani wa kitoto, na watu wanacheka. Radi alikuja amevaa ovaroli yake ya zamani, nyeupe, ambayo zipu iligoma kabisa kupanda juu ya kitambi, kwa hiyo akaifunga kwa mkanda wa suruali. Katibu alikuja na karatasi ya kunata yenye neno RADI kwa herufi nyekundu, akaibandika ubavuni mwa gari, pale pale ilipokwanguliwa. Mama Milimita aliona bati lake, aliloligonga miaka miwili hadi likawa laini, linapigwapigwa na kiganja cha katibu ili gundi ishike. Aliuma shavu kwa ndani hadi akaonja damu.

Gari lilisukumwa hadi kwenye mstari. Naye alisukuma, ndiyo. Mama yao aliketishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya njia, chini ya mwavuli. Nyuma ya mstari palikuwa na ukuta wa matairi makuukuu yaliyofungwa kwa kamba, na Mama Milimita akaenda kusimama kwenye pembe yake, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa adui.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Hilo lazima niliseme, kwa sababu hakuna mwingine aliyelisema. Iliwaka mara ya kwanza, sauti moja safi, na wazee kwenye jukwaa wakasimama.

Radi alikaa vizuri, akashusha kioo cha helmeti. Bendera ikapanda. Na mkono wake, bila yeye kutazama, bila kutafuta, ukaushika mkono wa gia na kuuvuta kulia na nyuma, kama mtu anayewasha taa nyumbani kwake gizani.

Mama Milimita aliuona ule mkono. Alielewa kabla bendera haijashuka.

"Kaka!" alipiga kelele.

Lilikuwa neno la kwanza katika miaka kumi na tisa, na injini ikalimeza. Bendera ikashuka, Radi akaachia klachi kama alivyokuwa akiachia enzi zake, na gari likaruka nyuma kwa nguvu zote likaingia kwenye ukuta wa matairi, hatua tatu kutoka pale alipokuwa amesimama. Bati lililia. Kisha injini ikazimika.

Alikimbia. Tuseme ukweli, alilikimbilia gari. Mkia ulikuwa umebonyea, ekzosi imepinda, moyo ukamuuma kama kapigwa yeye. Ndipo akamtazama kaka yake. Alikuwa ameketi ndani, amekishika kifundo cha mkono wake wa kulia, kioo cha helmeti kimepanda, anautazama mkono wa gia.

"Umezirekebisha," alisema.

Hakusema umeziharibu. Alisema umezirekebisha, na Mama Milimita akauacha mkia wa gari, akamsogelea.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nilikosea. Siku ile."

"Nimekulia chini ya magari, nisijue?" Radi aliongea taratibu, kwa chuki, bila kumtazama. "Gari gani la mbio duniani lina rivasi mbele? Baba alikuwa anakuja. Ulitaka niseme nini?"

"Hukuniambia. Miaka yote hii."

"Nilisubiri uniambie wewe. Uje siku moja useme, kaka, ahsante, ulinifichia. Badala yake ukaniona mjinga. Unadhani sikuwa naona unavyonitazama? Nikasubiri, nikachoka, nikaanza na mimi kukuchukia."

Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka upande wa mahema. Mama Milimita aliinama karibu na helmeti. "Na gazetini?" alisema. "Pale pia baba alikuwa anakuja?"

"Hapana," Radi alisema. "Pale hakuna aliyekuwa anakuja. Pale nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu."

Katibu alifika akihema, mtangazaji nyuma yake. "Nini kimekatika? Gia? Nani kafunga gia za gari hili?" Alikuwa anamtazama Mama Milimita moja kwa moja, na kipaza sauti kilikuwa kimeelekezwa kwake, cheusi, kiko karibu na mdomo wake kabisa. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo: nilibadilisha gia, sikumwambia dereva, kosa ni la fundi. Maneno machache hivyo. Lakini angeyasema akiwa amesimama kwenye lami ile, siku ile, mbele ya watu wale aliotaka waambiwe fundi ni nani, na wangeambiwa.

"Nimekosea gia," Radi alisema. Alikuwa anajitoa kwenye kiti kwa mkono mmoja, goti linamgomea. "Uzee, bwana. Nimesahau."

"Radi kasahau gia!" mtangazaji alipokea, akageukia majukwaa. "Jamani, radi imepiga kinyumenyume!"

Wakacheka. Kicheko kilipanda jukwaa moja kikashukia jingine, na Radi, na mkanda wake wa suruali juu ya ovaroli, alisimama katikati akakipokea chote. Mama Milimita aliangalia chini.

Gari likakaguliwa. Magurudumu yalikuwa mazima, usukani mzima, breki nzima, na dakika sita zilikuwa zimebaki. Katibu alitazama saa, akatazama ratiba, akasema basi litolewe pembeni. Sauti ya mama ikatoka chini ya mwavuli, nyembamba na kali.

"Mpeni binti yangu."

"Mama, ratiba inasema—"

"Kadi inasema nini? Si ulikuja kwangu kwa ajili ya kadi? Mpeni."

Radi aliivua helmeti, hakumpa mkononi, akaiweka juu ya kiti akaondoka. Ilikuwa imelowa jasho lake. Mama Milimita aliivaa hivyo hivyo, akaingia, akasukuma mkono wa gia kushoto na mbele, na gari likaenda.

Lilikwenda vizuri. Mkia uligonga kidogo kwenye kona ya kwanza, ekzosi ilinguruma ovyo, lakini injini ilivuta, na alipobadilisha gia ya tatu kwenye njia iliyonyooka, upepo ulimpiga kifuani hadi akapiga ukelele peke yake, mwanamke mzima wa miaka sitini. Alisahau sebule, alisahau kufuli. Kwenye kona ya mwisho ilimbidi apunguze mwendo, na hapo ndipo sauti ya mtangazaji ilipomfikia.

"Na huyu ndiye fundi mwenyewe, jamani! Kalitoa gari kwenye banda la kuku, kaka yake kaligonga, na yeye huyo kaja kuokoa aibu ya familia! Kaka kasahau gia, dada anamkumbusha! Makofi!"

Watu walisimama. Wazee walivua kofia. Jukwaa la mtangazaji lilikuwa pembeni kabisa mwa njia, hata ngazi yake ilionekana, na pa kusimamisha gari, ashuke aseme kosa lilikuwa la nani, palikuwepo, papana. Mama Milimita alipaona. Alipapita. Akauinua mkono wake, akawapungia.

Aliposimama, walimzunguka na simu zao. Katibu alikuwa anacheka na kila mtu. Mtangazaji alisogeza kipaza sauti, akauliza kama ni kweli kazi yote ameifanya peke yake, bila hata kosa moja. Mama Milimita alitabasamu, na tabasamu likakaa.

Radi alikuwa ameegemea ukuta wa matairi, kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa. Alisubiri watu wapungue. Kisha akaja akichechemea kwa lile goti lake bovu, akainama karibu na helmeti, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama machoni.

"Tamu, eh?"

Alitaka kumjibu jambo la kumkata. Alikuwa nayo mengi, ameyanoa kwa miaka kumi na tisa.

"Tamu," alisema, kwa sababu ilikuwa tamu kweli. Kisha akashusha kioo, maana watu bado walikuwa wanapiga picha, akalia humo ndani, kwenye jasho la kaka yake.